Jinsi ya kusoma Walawi 8 bila kusinzia: siku saba za kumweka Haruni wakfu

Haya wapendwa, leo tuingie kwenye ile sura ambayo wengi wetu tukifika pale tunafunua kurasa tatu nne mbele kama hatujaona kitu. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, kila mwaka naanza ratiba ya kusoma Biblia nzima, Mwanzo inakwenda vizuri, Kutoka mpaka bahari inagawanyika raha tupu, tukifika kwenye mapazia na vitanzi miayo inaanza, halafu Walawi ndo kabisa, damu, mafuta, figo mbili, kitambi cha ini, nafunga kitabu nalala. Nilikuja kugundua nilikuwa naisoma kama orodha ya manunuzi wakati ile ni ibada, na ibada inatazamwa, unajisogeza pale mlangoni unaangalia mikono ya watu inafanya nini.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa namna ya kuitazama ile ibada ya Musa kumweka kaka yake Haruni na wanawe kuwa makuhani. Sio lazima uwe mchungaji wala padri wala mwanafunzi wa theolojia, na hata kama dini sio kitu chako ila unapenda tu mambo ya kale utafaidi.

Unachohitaji

Biblia mbili kama unazo, tafsiri tofauti ni nzuri zaidi, kalamu na karatasi. Kwenye karatasi chora safu tatu: nani anafanya, anafanya nini, na wapi. Basi. Tenga kama saa moja na nusu na simu weka mbali, maana utajikuta unarudi nyuma nyuma kulinganisha mistari.

Usianze na Walawi, anza na Kutoka

Kosa la kwanza ni kuingia Walawi 8 moja kwa moja. Ile sura ni utekelezaji tu, maagizo yenyewe yako Kutoka 28 na 29, Musa anapewa akiwa juu mlimani Sinai, mavazi yatakuwaje, wanyama wangapi, damu iende wapi, siku ngapi. Soma hizo mbili kwanza taratibu. Halafu kabla hujaruka kwenda Walawi, pita Kutoka 32, na hapa naomba usiharakishe.

Kutoka 32 ndo ile stori ya ndama wa dhahabu. Hebu ona mpangilio wake: huko juu Musa anaambiwa namna ya kumshonea kaka yake mavazi ya utukufu, huku chini kaka mtu yuko bize anakusanya hereni za watu ayeyushe awatengenezee ndama. Wakati ule ule! Yaani kofia ya kazi inapimwa huku mwenye kazi anaharibu. Na bado ukifika Walawi 8 ni yule yule Haruni anaitwa mlangoni, hajabadilishwa, hakuna mtu mwingine aliyetafutwa. Ukisoma ibada hii bila hiyo ndama kichwani utadhani ni sherehe ya kumpongeza mtu safi. Na walimu wa kale wa Kiyahudi hawakuacha kuliona hilo, walisema ndo maana mnyama wa kwanza kabisa Haruni anayeambiwa atoe kwa ajili yake mwenyewe, Walawi 9:2, ni ndama.

Sasa ukiwa na kalamu, kwenye Walawi 8 pigia mstari kila mahali panaposemwa kwamba ilifanyika kama Bwana alivyoagiza. Itajirudia rudia mpaka utahisi mwandishi anapiga ngoma, mistari ya 4, 9, 13, 17, 21, 29 na 36, mara saba. Iache hivyo kwanza, tutaihitaji mwishoni.

Chora ramani ya pale

Watu wengi wanasoma bila picha ya mahali ndo maana wanapotea. Hema ya kukutania, yaani ile hema ya ibada ya Israeli kule jangwani, iko ndani ya ua wa dhiraa 100 kwa 50, tuseme kama mita 45 kwa 22, sio pakubwa hata kidogo. Uani kuna madhabahu ya kuteketezea sadaka na birika la maji. Ndani ya hema kuna patakatifu, halafu nyuma ya pazia patakatifu pa patakatifu. Nje ya ua ni marago, watu wanaishi na mahema yao na mifugo. Nje ya marago kabisa ni jangwa, huko ndo kunapotupwa majivu na anakokaa mwenye ukoma.

Kwa hiyo una ngazi, kutoka jangwani, marago, ua, hema, mpaka nyuma ya pazia. Utakatifu kwa akili za Israeli ya kale sio hisia ya mtu kujisikia vizuri rohoni, ni kuwa mali ya Mungu, na unavyosogea ndani ndivyo mambo yanavyozidi kuwa mali yake na hatari pia inazidi. Na hapa Kiswahili kimetusaidia sana aisee, neno wakfu tumelipata kwenye Kiarabu na kila mtu anaelewa kitu cha wakfu ni kipi, shamba likishawekwa wakfu huuzi, hurithishi, huwezi kuamka asubuhi ukasema nimeghairi nalirudisha. Ndo hicho hicho kinachompata Haruni ila yeye ni mtu mzima mwenye pumzi.

Sasa jaza safu ya tatu kwenye karatasi yako, wapi. Utaona karibu kila kitu kinatokea sehemu moja: mlangoni pa hema. Hayuko ndani, hayuko nje. Siku saba mtu amekaa kizingitini.

Angalia nani anafanya

Hii ndo ilinishtua mimi. Jaza safu ya kwanza uone. Musa akawaleta, Musa akawaosha, Musa akamvika, Musa akatwaa mafuta, Musa akachinja, Musa akatia damu. Haruni na wanawe wanachofanya ni kuweka mikono juu ya kichwa cha mnyama, kupokea vinavyowekwa mikononi mwao, na kula. Na Haruni haongei. Sura nzima hatamki neno hata moja, huyu ambaye Kutoka 4 aliletwa kwenye stori kwa sababu anajua kuongea!

Halafu kumbuka umri. Kutoka 7:7 inasema walipoenda kwa Farao Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni 83, na hapa mwaka wa pili umeshaingia. Yaani mzee wa miaka 80 na kitu, kaka mkubwa, anaogeshwa na mdogo wake, anavalishwa nguo kipande kwa kipande kama mtoto, mkusanyiko wote unatazama. Mtu akikuambia kuwekwa wakfu ni kupandishwa cheo mrudishe hapa. Kabla hajavalishwa kilemba amekubali kwanza kushikwa shikwa kama asiyejiweza.

Maji na mavazi

Maji sitakaa sana. Kuoshwa huku ni mara moja, siku ya kuanza, baadaye kila wanapoingia hemani wataosha mikono na miguu tu pale kwenye birika (Kutoka 30). Hilo la mara moja na la kila siku ni tofauti, liandike pembeni.

Mavazi yana mambo mengi na watu wanapenda kuyafafanua mpaka uzi wa mwisho, kila rangi na maana yake, mi naona mengine ni kujitungia tu. Vitu ambavyo andiko lenyewe linakueleza ni hivi: mabegani kuna vito viwili vya shohamu vimechorwa majina ya makabila, sita huku sita huku, na kifuani kuna vito 12, kila kabila na chake, na Kutoka 28:29 inasema wazi kwamba anaingia nayo majina hayo juu ya moyo wake. Kwa hiyo Haruni akiingia haingii peke yake, amebeba ukoo mzima mabegani na kifuani. Kwenye paji la uso kuna bamba la dhahabu safi limechorwa kwamba ni mtakatifu kwa Bwana. Upindo wa joho una kengele za dhahabu na makomamanga, zisikike anapoingia na kutoka asije akafa.

Kitu kimoja ambacho hakipo: viatu. Utatafuta kuanzia naivera (lile vazi la juu la kuhani lenye vito mabegani) mpaka mshipi hutaona neno viatu. Musa kwenye kile kijiti kilichowaka moto aliambiwa avue viatu na hapa hakuna viatu vilivyoshonwa, ndo maana dole gumba la mguu litafikiwa kirahisi tukifika huko mbele.

Mafuta

Fungua Kutoka 30:22-33 upate kichocheo chake. Manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na mafuta ya zeituni hini moja. Ukijumlisha ni shekeli 1500 za viungo, na shekeli moja ni kama gramu 11 hivi, kwa hiyo ni karibu kilo 17 za manukato kwenye lita chache tu za mafuta. Hayo sio ya kudondosha tone moja kwenye kidole, hiyo ni harufu ambayo ukipita upepo unajua huyu katokea wapi. Na hayo mafuta marufuku kumpaka mtu mwingine yeyote, na marufuku kuyaiga ukajitengenezea nyumbani, atakayefanya hivyo anakatiliwa mbali na watu wake.

Angalia mpangilio wa Walawi 8:10-12, kwanza yanapakwa maskani na vyote vilivyomo, madhabahu inanyunyiziwa mara saba, vyombo vyake, birika na tako lake, halafu ndo yanamiminwa kichwani kwa Haruni. Mafuta yale yale, pumzi ile ile moja. Haruni anaingia kwenye orodha baada ya birika! Maana yake ni kwamba sasa naye ni chombo cha pale. Kwa Kiebrania aliyepakwa mafuta ni mashiakhi, ndo huko tumepata Masihi, ila hapa tunaona neno likiwa bado linanuka manemane. Zaburi 133 ikitaka kuelezea ndugu wanaokaa pamoja kwa umoja inakumbuka mafuta haya haya yanavyoshuka kwenye ndevu za Haruni mpaka kwenye upindo wa mavazi, kwa hiyo hayakuwa machache.

Kwa wanaopenda historia, kupaka mafuta hakukuwa kwa Israeli peke yake. Emar, mji wa kale kule Syria kwenye mto Frati, wachimbuzi wa Kifaransa miaka ya 1970 walipata vibao vya udongo vya karne ya 13 KK hivi, kimojawapo kinaelekeza namna ya kumsimika kuhani wa kike wa mungu wa dhoruba, na huyo naye anamiminiwa mafuta kichwani na kuna siku saba. Lugha ya ibada ilikuwa ya eneo lote, Israeli wanaitumia kusema jambo lao.

Wanyama watatu, na usichanganye mpangilio

Ng'ombe dume mmoja, kondoo dume wawili. Haruni na wanawe wanaegemeza mikono juu ya kichwa cha kila mmoja kabla hajachinjwa.

Ng'ombe ni sadaka ya dhambi. Damu yake Musa anaipaka kwa kidole kwenye pembe za madhabahu, inayobaki inamwagwa chini kwenye tako la madhabahu. Tulia hapo: damu ya sadaka ya dhambi haimgusi Haruni. Inagusa madhabahu, na mstari wa 15 unasema madhabahu ndo inayosafishwa na kutakaswa. Sisi tumezoea kufikiri dhambi ni doa moyoni mwa mtu na damu inafuta hilo doa, wao walifikiri zaidi kwamba uchafu wa watu unang'ang'ania mahali Mungu anapokaa, kama masizi ukutani, na lazima pasafishwe la sivyo mwenye nyumba atahama. Jacob Milgrom, msomi wa Kiyahudi aliyeandika sana juu ya Walawi, alisisitiza hoja hii mpaka akawa anaiita sadaka ya utakaso badala ya sadaka ya dhambi. Mi nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mafuta ya ng'ombe, figo mbili na kitambi cha ini vinateketezwa madhabahuni, ila nyama, ngozi na mavi vinachomwa nje ya marago, hakuna anayekula.

Kondoo wa kwanza ni sadaka ya kuteketezwa, huyu anapanda wote, kichwa, vipande, matumbo yameoshwa, hakuna kinachobaki. Hapa huna la kujadili sana, ni zawadi nzima bila kubakiza.

Kondoo wa pili ndo mwenye siku yake.

Sikio, gumba, dole

Damu ya huyu kondoo wa pili Musa anaitia kwenye ncha ya sikio la kuume la Haruni, kwenye gumba la mkono wake wa kuume na dole gumba la mguu wake wa kuume, halafu wanawe vile vile. Inayobaki inanyunyizwa kuzunguka madhabahu.

Maelezo ya kawaida utakayoyasikia ni sikio lisikie amri, mkono utende, mguu uende njia njema. Ni mazuri na ni ya zamani sana, sio mabaya, ila ukiishia hapo umeacha nyama mfupani. Fungua Walawi 14. Ni ibada ya mtu aliyepona ukoma. Naye anatiwa damu sikio la kuume, gumba la kuume, dole la mguu wa kuume, na juu ya hiyo damu anatiwa mafuta! Naye anaoga. Naye anahesabu siku saba na ya nane ndo anakuja mlangoni. Sasa mtu wa chini kabisa, aliyekuwa anaishi nje ya marago akipiga kelele kwamba ni najisi, na mtu wa juu kabisa mwenye bamba la dhahabu usoni, wanafanyiwa kitu kimoja. Kwa nini?

Rudi kwenye ramani yako. Wote wawili wanavuka mpaka. Mwenye ukoma anatoka jangwani kuingia marago, kuhani anatoka marago kuingia kwa Mungu. Sikio, gumba na dole ni ncha za mwili, huku juu, katikati na chini, ukishagusa ncha umegusa vyote, kama vile ukipima shamba unapanda alama pembeni na katikati pote panakuwa pamehesabiwa. Na ona pia jinsi damu ilivyogawanywa, nyingine kwa mtu nyingine kwa madhabahu, hii umeshaiona Kutoka 24, Musa alipofunga agano aliinyunyiza nusu kwenye madhabahu na nusu kwa watu. Damu moja kwenye pande mbili, watu wawili wamefungwa pamoja. Kwa hiyo kondoo huyu hafuti kitu, kazi ya kufuta alishaimaliza ng'ombe, huyu anafunga.

(Hili ni langu tu, andiko halisemi, ila kila nikifika kwenye sikio nakumbuka zile hereni alizokusanya. Masikio ya watu yalitoa dhahabu ya ndama, leo sikio lake mwenyewe linatiwa damu. Sijui kama mwandishi alikusudia, mi sijaweza kuacha kuliona.)

Baadaye, mstari wa 30, Musa anachukua yale mafuta ya kupaka na damu iliyo juu ya madhabahu anamnyunyizia Haruni na mavazi yake. Yale mavazi mapya, dhahabu, buluu, zambarau, kitani safi, siku ile ile ya kwanza kuvaliwa yana matone ya damu.

Na kama una rafiki anayesoma Torati kwa Kiebrania kwa ile sauti ya kuimba, mwambie akuimbie Walawi 8:23, pale penye neno "akachinja". Kuna alama ya kuvuta sauti inaitwa shalsheleti, imeandikwa mara nne tu kwenye Torati nzima, na mara zote tatu nyingine mtu yuko kwenye kusita: Lutu anakawia kutoka Sodoma, mtumishi wa Abrahamu anaomba kisimani, Yusufu anakataa mke wa Potifa. Ya nne ni hapa. Wako wanaosema ni Musa anasita, maana akishamaliza huyu kondoo ukuhani unamtoka mkononi unakwenda kwa kaka yake na wanawe milele.

Kujaza mkono

Haya, hapa ndo penye moyo wa jambo na tafsiri zetu zimepafunika. Tunaposoma "kuwaweka wakfu" kwenye Kutoka 29:9, Kiebrania kimeandika "kujaza mkono". Utajaza mkono wa Haruni na mkono wa wanawe. Na yule kondoo wa pili jina lake ni kondoo wa miluimu, yaani wa kujaza. Neno hilo hilo linatumika kwa vile vito vya kifuani, vito vya kujazia, vinavyokaa kwenye vijumba vyao vya dhahabu.

Na sio lugha ya picha tu, wanajaza kweli. Soma Walawi 8:25-27. Musa anachukua mafuta ya yule kondoo, mkia wake, figo, paja la kuume, anaweka juu yake mkate mmoja usiotiwa chachu, na mkate mmoja uliotiwa mafuta, na kaki moja kutoka kwenye kikapu, anavipakia vyote kwenye vitanga vya Haruni na wanawe. Jaribu kupiga picha, mikono yote miwili imejaa, inateleza mafuta, mkia wa kondoo wa kule ni kitu kizito, hata kujikuna pua huwezi. Vinatikiswa mbele za Bwana halafu Musa anavichukua tena kutoka mikononi mwao anaviteketeza.

Sisi tuna methali, mkono mtupu haulambwi. Na Kutoka 23:15 inakataza mtu kwenda mbele za Mungu mikono mitupu. Sasa kuhani ni yule ambaye mikono yake itajazwa na vya Mungu na vya watu maisha yake yote, chochote anachoshika sio chake, kimewekwa na mwingine na kitachukuliwa. Kwa hiyo siku ya kwanza anafanyiwa mazoezi ya kazi yote: pokea, inua, achia. Na hawezi kujijaza mwenyewe, fikiria tu kimwili, mtu mwenye vitanga viwili wazi mbele yake anajiwekeaje paja la kondoo? Lazima awepo mwingine.

Kidari anapewa Musa, ndo fungu lake kwa kazi ya leo. Kesho na keshokutwa ya makuhani wote itakuwa kupewa kidari, leo bado ni cha Musa.

Kula, halafu kukaa

Nyama inayobaki wanaichemsha pale pale mlangoni wanakula na mikate ya kwenye kikapu, itakayolala mpaka asubuhi inachomwa moto. Mgeni haruhusiwi kuila. Mtu aliyefungwa na damu na madhabahu sasa anakula meza moja nayo.

Halafu siku saba hawatoki mlangoni, mchana na usiku, wasije wakafa. Ulimwengu uliumbwa ukakamilika kwa siku saba na huyu naye anafinyangwa upya kwa hesabu hiyo hiyo. Mi hapa huwa nawaza zile siku za katikati, siku ya nne, ya tano, hakuna shangwe, mavazi yananuka moshi, familia iko mita chache tu nje ya ua na huwezi kwenda. Kutoka 29 inataka ng'ombe wa sadaka ya dhambi kila siku. Sura haisemi neno juu ya walivyojisikia.

Siku ya nane usiiache

Wengi wanafunga Biblia mwisho wa sura ya 8. Endelea 9 na 10 kwa mkupuo mmoja, ni stori moja. Siku ya nane Haruni kwa mara ya kwanza anachinja mwenyewe, na sasa sauti yake inasikika, na kitu cha kwanza kinachotoka ni baraka, anainua mikono yake kuelekea watu anawabariki (9:22). Ile mikono. Moto unatoka mbele za Bwana unakula sadaka, watu wanapiga kelele na kuanguka kifudifudi.

Na siku hiyo hiyo Nadabu na Abihu, wanawe wawili wakubwa, waliokaa nao siku saba mlangoni, wenye damu kwenye masikio yao, wanachukua kila mtu chetezo chake wanatia moto na uvumba. Sasa rudi kwenye ile mistari saba uliyopigia. Walawi 10:1 inasema walileta moto wa kigeni ambao yeye hakuwaagiza. Ngoma imekosewa pigo moja. Na pia ona neno chetezo "chake", wamejaza mikono yao wenyewe. Moto unatoka tena, mara hii unawala wao. Haruni na wanawe waliobaki wanaambiwa wasifumue nywele wala wasirarue nguo, na wasitoke mlangoni pa hema, kwa sababu mafuta ya kutiwa ya Bwana yako juu yao. Haruni akanyamaza. Ni bei hiyo ya kilo 17 za manukato ambayo sherehe haikuitaja.

Mazoezi ya kujipima

Ukitaka kujua kama umeelewa, soma Hesabu 8, Walawi wa kawaida wanavyotengwa: maji ya kunyunyiziwa, wembe mwili mzima, nguo kufuliwa, lakini hakuna mafuta, hakuna damu masikioni, hakuna mavazi mapya. Jiulize wao wanavuka mpaka upi.

Halafu nenda Waamuzi 17. Kuna jamaa anaitwa Mika ana nyumba ya miungu, anajaza mkono wa mmoja wa wanawe, akaja kupita kijana Mlawi anatafuta pa kuishi, Mika akamwajiri kwa fedha kumi kwa mwaka na nguo na chakula, naye akamjaza mkono, akasema sasa najua Bwana atanitendea mema. Mwisho 2 Nyakati 13:9, mfalme Abiya wa Yuda anawasuta watu wa Yeroboamu, mfalme wa Israeli ya kaskazini, kwamba kwao yeyote anayekuja kujijaza mkono kwa ndama mmoja na kondoo dume saba anakuwa kuhani. Saba! Haruni walitosha wawili.

Chukua karatasi yako ile ile, safu zile zile tatu, uwajaze Mika na hao wa Yeroboamu chini ya Haruni. Nani anafanya, utapata jibu haraka. Anafanya nini, utapata pia. Ukifika safu ya wapi, ukatafuta mlango na zile siku saba za kukaa, hapo acha wazi, hakuna kilichoandikwa.